Ng'ombe wa Aya Tano

Mimi si mtu wa hasira. Wanaosema nina hasira ni watu wanaoniudhi, na hao hapa Garsen ni wengi, ndiyo maana habari imeenea.

Nina kibanda cha chai karibu na stendi. Kila Jumamosi mchana nakifunga, najifuta mafuta ya mandazi mikononi, naenda darasa la watu wazima. Nina miaka hamsini na mbili. Nilianza na a-e-i-o-u, sasa naandika sentensi ndefu na nyingine zinafika mwisho. Mwalimu wetu ni Madam Christabel, msichana wa Kipokomo kutoka Kinakomba, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Ni mpole, ana kalamu nyekundu, na akishaamua jambo hata punda wa maji atamwomba alegeze kidogo.

Jumamosi hiyo alikuja na laptopu na mashine ya kuangaza picha. Tukaziba madirisha kwa magunia, tukatundika shuka ukutani.

"Leo tunatazama filamu," akasema. "Ikiisha, kila mtu achague mhusika mmoja amwandikie insha ya aya tano. Utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Si nne, si sita."

Zachary, kijana wa bodaboda ninayekaa naye dawati moja, akauliza kama aya ya mstari mmoja inahesabiwa. Madam akawasha mashine.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mapenzi, imepigwa huku huku kwetu kwenye delta ya Mto Tana na watu waliotoka Nairobi. Kijana maskini anampenda msichana wa tajiri, baba hataki, kijana analia. Madam alikuwa na leso tayari mkononi. Lakini nusu ya darasa letu ni Waorma, watu wa mifugo, na dakika ya kumi hivi akatokea ng'ombe. Basi mapenzi yakaishia hapo.

"Huyo ana mimba," mmoja wetu akasema.

"Ya miezi mitano," mwingine akajibu. "Na mbona wamemfunga juani?"

Yule kijana wa filamu akaja kulia huku amemwegemea ng'ombe, darasa zima likamwambia asogee, anatuziba tusione kiwele. Madam akaomba tutazame hisia za mhusika. Tukamwambia tunazitazama, ng'ombe hana furaha.

Mimi nilikuwa nimenyamaza, na nikinyamaza watu wanaonijua huwa wanavuta viti nyuma. Ng'ombe alikuwa mwekundu mtupu, na kwenye paja la kushoto ana chapa ya ukoo wetu. Msichana wa tajiri akachuchumaa na ndoo ajifanye anakamua. Ng'ombe akainua mguu wa nyuma, akaushikilia hewani kidogo kama mtu anayefikiria, ndipo akaipiga ndoo teke. Kisha kutoka nje ya picha ukasikika mluzi wa kumtuliza, mluzi wa sauti mbili, moja nene na moja nyembamba.

Nikasimama. "Huyo ni Dimtu," nikasema. "Huyo ni ng'ombe wangu. Na amekufa."

Sasa niwaeleze. Dimtu kwetu ni jina la ng'ombe mwekundu wa kike. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, baba alinipa mama yake Dimtu, na Dimtu akazaliwa mikononi mwangu. Nilipohamia mjini nilimwachia mdogo wangu Bule, anayechunga mifugo ya nyumbani, naye alikuwa akimleta kila asubuhi nimkamue mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita wakati wa ukame alikuja kibandani ameinamisha kichwa, akasema, "Dada, Dimtu ametutoka." Nililia siku mbili. Wateja walikunywa chai ya rangi. Tangu hapo nachemsha maziwa ya paketi, mimi, mwanamke wa Kiorma, mbele za watu wanaonijua. Mwenye ng'ombe hahitaji kuelezwa aibu hiyo, na asiye na ng'ombe haelewi.

Na yule Bule ana pengo la meno mawili ya mbele. Kutoka Hola hadi Kau hakuna mtu mwingine anayepiga mluzi wa sauti mbili.

Sikusubiri yule kijana amwoe msichana. Nilimkuta Bule kwenye soko la mifugo, nikampa vidonge vyake palepale katikati ya mbuzi. Nilisema mengi. Nikamwita mwizi, nikamwita fisi, nikataja meno yake, nikaingia hadi mambo ya utotoni alipovunja kibuyu cha mama akasingizia paka. Watu wakacheka, mbuzi wakatawanyika, na Bule akasimama ametulia kama maji ya mtungi.

"Dada ana uchungu," akawaambia watu. "Ng'ombe wetu wote ni wekundu. Wote wana chapa ile ile. Dimtu alikufa, Mungu amrehemu."

Nikaenda kwa Mzee Nuh, ambaye ndiye husikiliza kesi za mifugo za ukoo wetu. Alinisikiliza kwa umbali kidogo.

"Sabdio," akasema, "mara ya mwisho ulipoleta kesi ulimrushia mshtakiwa kiatu kabla hajasalimia. Kesi ilikuwa yako na ukaipoteza. Safari hii sitaki useme. Panga maneno yako, uyalete Alhamisi yakiwa mstarini. Yakikosa mstari, ng'ombe huyo usimtaje tena."

Niliondoka pale nimepandwa na mori mpaka nikapita kibanda changu bila kukiona. Hasira hasara, wanasema, na hasara yangu ina miguu minne. Nilimtaka Dimtu. Sikutaka kingine. Na nikafikiri, ni nani katika mji huu mzima anayejua kupanga maneno mstarini?

Madam Christabel alikuwa anakula mahamri kibandani kwangu nilipomwambia mhusika niliyemchagua.

"Mama Sabdio, mhusika ni mtu," akasema.

"Ulisema mhusika ni yule anayefanya jambo, hadithi ikabadilika."

"Ndiyo, lakini..."

"Ile barua ya posa kwenye filamu, ya yule mzee wa Mombasa aliyemtaka msichana. Nani aliila?"

Madam akaacha kutafuna. Alitazama juu, akaipitia filamu nzima kichwani. "Ng'ombe," akasema taratibu.

"Na isingeliwa?"

"Angeolewa Mombasa."

"Sasa yule kijana wako, mbali na kulia, alifanya nini?"

Madam aliagiza chai nyingine. Tukapasua pakiti ya unga, tukaigeuza upande mweupe, akachora visanduku vitano. Cha kwanza, unasema unamzungumzia nani na unataka kuthibitisha nini. Vitatu vya katikati, kila kimoja hoja yake, na kila hoja ina maswali matatu: Unasema nini? Umekiona wapi? Kinaonyesha nini? Cha mwisho unafunga, wala huleti jambo jipya. Alirudia hilo mara mbili. Hitimisho haliongezi jambo jipya.

Niliyatazama yale maswali matatu nikasikia vibaya. Umekiona wapi? Siku ile Bule aliponiambia Dimtu amekufa, sikumuuliza hilo. Ng'ombe akifa hubaki ngozi, na mimi sikuuliza ngozi iko wapi. Nililia tu, kwa sababu aliyesema ni ndugu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaandika siku nne. Naandika mstari, nachota chai, naandika mstari. Zachary alikuja kila jioni na laptopu ya Madam kwenye begi la mgongoni ili nirudie sehemu za ng'ombe. Wateja wakajua mambo. Mmoja alishuka basi la Lamu kunywa chai, akabaki kuniambia hoja ya pili haina ushahidi wa kutosha, basi likamwacha.

"Mathe," Zachary akaniambia siku moja, "mimi nimechagua yule baba tajiri. Niko aya ya kwanza. Nimeandika jina langu."

"Na la baba tajiri?"

"Bado natafakari."

Jumatano nikampa Madam rasimu. Alisoma akitabasamu mpaka alipofika aya ya tatu, ndipo kofia ya ile kalamu nyekundu ikatoka. Pale nilikuwa nimeandika hivi: "Dimtu ni mhusika mwaminifu. Hakubali mkono wa mtu mwingine. Wanawake wengine huwaimbia ng'ombe wao wakikamua. Mimi nilikuwa namtukana. Namwambia simama wewe, mbwa wewe, mguu wako uliwe na fisi, unadhani nina siku nzima. Naye anasimama."

"Insha hutumia lugha ya adabu," Madam akasema. Akapiga mstari, juu yake akaandika kwa mwandiko mzuri: nilikuwa nikimwimbia kwa sauti nyororo.

"Lakini sikumwimbia."

"Ni mtindo tu, Mama Sabdio. Wazee watapendezwa."

Nikamwachia. Yeye ndiye mwalimu, na isitoshe ule mwandiko ulipendeza.

Alhamisi wazee watano walikuja darasani, kwa kuwa laptopu na shuka viko huko. Walikaa kwenye madawati magoti yakigusa videvu. Bule akaketi mbele amevaa shati jipya. Zachary akakaa kwenye laptopu, Madam mlangoni, nami nikasimama na karatasi yangu, nimeishika kwa mikono yote miwili nisije nikarusha kitu.

Nikasoma. "Katika filamu hii kuna wahusika wengi, lakini wengi wao wanalia tu. Mhusika anayefanya kazi ni mmoja, naye ni ng'ombe. Katika insha hii nitathibitisha kwamba ng'ombe huyo anaitwa Dimtu, ni mzima, na ni wangu."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema hiyo ni salamu nzuri.

"Kwanza kabisa, Dimtu ni mhusika mwenye asili yake. Hili linadhihirika katika dakika ya kumi, ambapo chapa ya paja inaonekana wazi." Zachary akaweka picha. Wazee wakasogea hadi kwenye shuka, wakabishana kuhusu mimba, wakakubaliana miezi mitano na nusu, wakarudi.

"Chapa ni ya ukoo," Bule akasema. "Hata mimi nina arobaini wenye chapa hiyo."

Midomo yangu ikafunguka. Nilikuwa na jibu, na jibu lilimtaja mkewe. Nikaona kalamu nyekundu ikitikiswa kule mlangoni, nikalimeza, nikaenda aya ya tatu. Nikasoma ya uaminifu, ya mguu unaoshikiliwa hewani, na ya sauti nyororo. Hapo wazee walinitazama mara mbili.

"Mwisho katika hoja zangu, Dimtu hakwenda kwenye filamu peke yake, kwa maana ng'ombe hapandi gari akaomba kazi. Aliyempeleka anasikika." Zachary akaongeza sauti. Mluzi ukatoka kwenye laptopu, nene na nyembamba, ukajaza darasa.

Wazee watano wakageuka pamoja wakatazama meno ya Bule. Bule akafunga mdomo, lakini pengo lilikuwa limeshaonekana.

"Kwa kuhitimisha," nikasoma, "njia ya mwongo ni fupi. Nataka ng'ombe wangu. Asanteni." Nikakaa. Sikuwa nimerusha chochote. Madam alipiga makofi peke yake, kisha akaona haya.

Bule alijikuna shingo, akakohoa, ndipo maneno yakatoka. Ndiyo, mluzi ni wake. Ndiyo, alimpeleka ng'ombe kwenye filamu. Baadaye alimtoa mahari alipooa mke wa pili, na sasa yuko kwa wakwe zake upande wa Kilelengwani. "Lakini si Dimtu," akasema. "Ni wa kundi langu. Dada anataka kumwona Dimtu kwa kila ng'ombe mwekundu. Ng'ombe gani hapigi teke ndoo?"

Wazee wakanong'ona muda mrefu. Mwishowe Mzee Nuh akasema, "Insha imenyooka. Lakini wote ni wekundu, na wote wana chapa. Amebaki shahidi mmoja. Bule, mlete ng'ombe kesho asubuhi. Sabdio atamkamua jinsi alivyoandika. Akisimama ni Dimtu, na Bule atawapa wakwe zake ng'ombe mwingine kutoka kwake. Akipiga teke ni wa Bule, na maneno haya hayatarudiwa."

Sikuona haja ya kulala. Miaka mitatu ni mingi kwa ng'ombe. Mimi sasa nanuka mkaa, maziwa ya paketi na mandazi. Kwa nini anikumbuke?

Asubuhi walimleta kwenye uwanja wa mpira nyuma ya darasa, wakamfunga kwenye mlingoti wa goli. Nusu ya Garsen ilikuwa imeshajipanga kwenye mstari wa pembeni. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, na nyuma yake kulikuwa na ndama mwekundu ambaye hakuna aliyetuambia habari zake.

"Jambo jipya kwenye hitimisho," Madam akanong'ona.

Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia. Nikachuchumaa na ndoo yangu. Mzee Nuh akainua karatasi ya insha, ingawa hajui kusoma, akasema, "Kwa sauti nyororo."

Basi nikaimba. Sijui niliimba nini. Maneno niliyabuni palepale, kuhusu majani na mto, na sauti ilitoka kama lango la zizi. Watu wakatazama chini kwa heshima. Dimtu aligeuza masikio, akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikaweka mkono kwenye kiwele. Akainua mguu wa nyuma, akaushikilia hewani. Nikaimba kwa upole zaidi, nikambembeleza, nikamwomba.

Akaipiga ndoo teke. Ilibingirika hadi miguuni mwa Bule. Mzee Nuh akainamisha kichwa.

Bule akaiokota ndoo, akaipangusa vumbi, akaniletea kwa adabu kubwa. "Basi, dada," akasema. "Aya zimeisha."

Hapo mstari ukakatika.

Sikumtazama hata Bule. Nilimgeukia ng'ombe. "Wewe," nikamwambia. "Mbwa wewe. Nimekulilia siku mbili kama mtu. Nimechemsha maziwa ya paketi mbele ya wanawake wenzangu. Wewe umekaa Kilelengwani unanenepa, unazaa bila kuniarifu, unacheza filamu, unakula barua za watu, halafu leo unanipigia ndoo mbele ya wazee? Weka mguu chini. Weka mguu huo chini uliwe na fisi, unadhani nina siku nzima?"

Dimtu akaweka mguu chini.

Akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheua, na kabla sijamgusa maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kwenye nyasi. Nikaisukuma ndoo chini yake, nikashika. Yakaja, moto, kwa kishindo kile kile. Nikaendelea kumwambia yeye ni mwizi, ni mnafiki, mama yake alikuwa na akili kuliko yeye, na machozi yananitiririka hadi puani, na yeye anacheua tu ametulia, kama mtu aliyefika nyumbani.

Mzee Nuh alimwita Madam Christabel, akampa karatasi, akamwomba amsomee tena aya ya tatu. Madam akasoma polepole.

"Hapo umesema pameandikwa sauti nyororo," mzee akasema.

"Ilikuwa mtindo, mzee," Madam akajibu, uso umemwiva kwa haya.

"Ng'ombe hajui mtindo."

Madam akatoa kalamu yake nyekundu. Pale pale uwanjani, akiegemeza karatasi mgongoni kwa Zachary, akafuta ule mwandiko wake mzuri na kurudisha maneno yangu yote. Aliponiuliza kama ni "mbwa wewe" au "wewe mbwa", nikamwambia yote mawili, inategemea mguu uko wapi. Bule alikuwa ameshaanza kutembea upande wa barabara, na leo hakuwa na mluzi wowote.

Mzee Nuh akaja akasimama karibu yangu. Akasema inatosha sasa, Sabdio, watu wote wameona, ng'ombe ni wako na ndama ni wako, unaweza kunyamaza.

Nikamwambia siwezi, ndoo haijajaa.